Kopo Jekundu la Bi Mayasa

Katika picha zote za shangazi yangu Bi Mayasa, tangu alipokuwa mwari mpaka alipokuwa bibi, vidole vya mkono wake wa kulia ni vyekundu. Wageni hudhani ni hina. Si hina, ni rangi ya ubuyu, na haikuwa ikitoka kwa sabuni, kwa ndimu, wala kwa mafuta ya taa. Alipofiwa na mumewe akakaa eda, miezi minne na siku kumi bila ya kujipamba, kizee mmoja alimnong'oneza mwenzake kuwa mjane huyu mbona ana hina. Shangazi alimsikia. Akamjibu palepale mkekani, "Hina hii ndiyo iliyoupika wali uliokuja kuula hapa." Maneno hayo yaliuzunguka mtaa wa Kiponda wote kabla ya arubaini ya marehemu.

Namwandika kwa sababu siku hizi vidole vyake ni vya rangi ya ngozi yake, na mimi nilikuwepo vilipoanza kutakata. Nakaa kwake, chumba cha juu, tangu nilipoiacha diploma ya utalii katikati. Kwa hiyo najua nusu ya mambo mengi, na nusu iliyobaki hunifundisha yeye, pamoja na masimango.

Bi Mayasa hupika ubuyu na kuuuza kwenye dirisha la chini la nyumba yake. Anaiyeyusha sukari na maji mpaka yavute, anatia hiliki, pilipili manga, chumvi kidogo na vanila, kisha rangi kutoka kopo lenye mfuniko mwekundu, halafu anamimina mbegu za ubuyu na kuzigeuza kwa mwiko mpaka kila mbegu ivae kanzu yake. Ubuyu wake ulikuwa mwekundu wa kutisha. Watoto wakitoka skuli walipita dirishani wakaondoka na ndimi kama waliotafuna moto. Hakuna aliyeona ajabu. Ubuyu usiopaka ulimi watu wa hapa waliuita mbegu.

Mlaji mkuu alikuwa ndani ya nyumba. Shaima, mjukuu wake, ana miaka sita. Mama yake, Asila, binti wa shangazi, anafanya kazi mapokezi ya hoteli Nungwi na huja nyumbani siku moja kwa wiki. Siku sita zilizobaki mtoto yuko kwa bibi yake, kwangu mimi, na kwenye beseni la ubuyu.

Basi mtoto huyu, Mungu amlinde, alikuwa tufani. Anapanda ngazi kwa mikono na anashuka kwa makalio. Siku moja alilia saa nzima kwa sababu kivuli chake kilikataa kubaki nyumbani. Ukimwita hasikii, ukimshika anapiga teke, na mchana hakulala tangu alipoachishwa ziwa. Hayo ya nyumbani tuliyavumilia. Ya skuli yalikuwa mengine. Alimng'ata mwenzake mkono. Wiki ya pili akamng'ata mwengine sikio. Mwalimu mkuu, Mwalimu Bashira, akamwita shangazi.

"Bi Mayasa, mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini wazee wa watoto wengine wanakuja hapa na masikio ya watoto wao. Nnakupa mpaka mwisho wa muhula. Aking'ata tena, abaki nyumbani mpaka mwakani."

Shangazi alirudi kimya, na shangazi akiwa kimya nyumba nzima hutembea kwa ncha za vidole. Asila alipopigiwa simu alilia, akasema ikiwa mtoto atatolewa skuli yeye ataacha kazi aje kumlea. Kazi ile aliitafuta miaka miwili.

Mtaa nao ulikuwa na majibu tayari. Mmoja alisema kijicho. Mwengine alisema simu, na mtoto hana simu. Jirani wa mlango wa pili alisema kwa sauti ya kusikika, "Mtoto wa kulelewa na bibi ndivyo alivyo."

Shangazi akachungulia dirishani. "Na wako uliyemlea mwenyewe ametoka lini kituo cha polisi?"

Jirani akafunga mlango.

Lakini usiku ule ule nilimwona shangazi ameweka mikono mapajani, anaitazama. Yale maneno yalikuwa yamemwingia.

Kesho yake akaenda kwa Maalim Zahran, mzee wa chuo cha Qur-ani, aliyemsomesha yeye juzuu ya kwanza, akamsomesha Asila, na sasa anamsomesha Shaima kwa kadiri mtoto anavyokamatika. Maalim akamwandikia kombe. Kwa asiyejua: aya za Qur-ani huandikwa kwenye sahani nyeupe kwa kalamu ya mwanzi na zafarani iliyotiwa marashi, kisha maandishi huoshwa kwa maji safi na mgonjwa akayanywa. Shangazi aliibeba sahani ile chini ya ukaya kama aliyebeba yai, akaisuuza, akampa mtoto. Shaima alikunywa akaomba tena. Hakuna dawa aliyoipenda kama hiyo. Ikawa makombe mawili kwa wiki.

Asila, kwa upande wake, alichukua ruhusa kazini akampeleka mtoto hospitali, na bibi akafuata, na mimi nikafuata kwa ajili ya kumkamata Shaima kwenye foleni. Daktari alikuwa Wanu, mwanamke wa Nungwi mwenye uso usiocheka na mtu.

"Anakula nini?" aliuliza.

"Chakula," alisema shangazi.

"Chakula gani?"

"Cha watu."

Daktari Wanu akaweka kalamu chini, akamtazama vidole. "Hiyo ni hina?"

"Ubuyu. Ndiyo kazi yangu."

"Na mtoto anakula ubuyu huo?"

"Daktari, wewe ni mtu wa Nungwi. Mtoto wa mvuvi hali samaki?"

Daktari hakucheka, lakini pembe moja ya mdomo ilitikisika. Akatueleza taratibu. Alisema wako watoto, si wote, ambao rangi za kutia kwenye vyakula huwachangamsha kupita kiasi, wakawa hawatulii wala hawasikii. Alisema hakuna kipimo cha damu cha kumwambia kama Shaima ni mmoja wao. Njia ni kumwondolea rangi zote wiki nne, na kuandika kila kinachoingia mdomoni na kila kinachofanywa na mtoto.

"Sikwambii ndiyo, sikwambii siyo," alimaliza. "Nakwambia tujaribu. Wala msimtie njaa. Wali, samaki, muhogo, maziwa, matunda, ale ashibe."

"Na adabu?" aliuliza shangazi. "Sote tumekula ubuyu. Mimi nimekula tangu sina meno, na sikumng'ata mtu."

"Kwa meno hukung'ata," alisema Asila pole pole, akitazama ukuta.

Shangazi alimkata jicho. Lakini alikubali. Alivyokubali yeye si kama mimi au wewe tunavyokubali. Siku ile ile beseni lilipandishwa juu ya kabati, juisi nyekundu ya unga ikamwagwa chooni, pipi na barafu za rangi zikapigwa marufuku, na wenye maduka yote mpaka Darajani wakaonywa mmoja mmoja kuwa atakayempa Shaima kitu chenye rangi atamjua Bi Mayasa ni nani. Walikuwa wanamjua tayari.

Daftari niliandika mimi. Nnalo mpaka leo. "Jumamosi: chai ya maziwa, mkate wa kumimina, wali na mchuzi wa changu, embe. Kapanda juu ya friji." "Jumapili: uji, ndizi mbichi na samaki. Katulia. Kauliza kwa nini paka hana jina la baba." "Jumatatu: kama jana. Kalala mchana. Shangazi kaenda kumtazama mara tatu kama anapumua."

Tukafurahi. Jumanne tukaona cha mtema kuni. Mtoto aliamka hana neno, alasiri akachana juzuu ya mwenziwe, akamrushia paka kiatu, akajiviringisha sakafuni. Jumatano na Alkhamisi pole pole akarudi. Ijumaa jioni tena tufani.

"Kuna mtu anampa kitu," alisema shangazi, na akanitazama mimi.

"Shangazi, mie pipi zangu nakula mwenyewe."

"Ndiyo maana huna akili. Lete mkoba wake."

Tukaukagua mkoba wa skuli kama watu wa forodhani. Kifutio, penseli iliyotafunwa, jongoo mmoja, hai. Hakuna pipi. Wiki ya pili ikawa vile vile, siku mbili za raha, moja ya moto. Shangazi akaanza kukata tamaa na daktari. Akamwendea Maalim Zahran akamwomba azidishe kombe, liwe kila siku, kwa sababu muhula unakwisha na Mungu hachoki kuombwa. Maalim akazidisha. Wiki ya tatu haikuwa na siku ya raha hata moja. Mwalimu Bashira akapiga simu.

"Hajang'ata bado," alisema. "Lakini leo nimeuona mdomo ukifunguka."

Zilikuwa zimebaki wiki tano muhula umalizike. Nilimkuta shangazi jikoni amemshika Shaima mabega, anamwambia, "Una shetani gani wewe? Niambie una shetani gani," na mtoto, aliyekuwa akilia, akamjibu kwa adabu kamili kuwa hamjui jina lake.

Nilimchukua Shaima juu ili bibi yake apumue. Nikafungua daftari niandike ya siku ile. Yeye akakaa mbele yangu, na kwa kuwa ni Shaima, akanitolea ulimi.

Ulikuwa wa rangi ya chungwa.

"Umekula nini?" nikamuuliza.

"Sijala kitu."

"Ulimi huo umeupaka nini?"

"Nimekunywa aya," alisema.

Nikalipekua daftari mwanzo mpaka mwisho. Uji upo, changu yupo, embe limo, mpaka jongoo nimemtaja. Kombe halimo hata mara moja. Nani angeandika kombe kwenye orodha ya vyakula? Kombe si chakula, ni dua. Daktari alitwambia tuandike kila kinachoingia mdomoni, sisi tukaandika vinavyopikwa. Nikakumbuka siku alizokuwa akilinywa, mwanzo, kabla halijawa la kila siku: Jumanne na Ijumaa.

Sasa, kuteremka ngazi zile na kumwambia shangazi yangu jambo lile, mwenzenu nilisoma kwanza kila dua niliyoijua, nazo ni tatu.

"Himid," alisema nilipomaliza, "unataka kuniambia maneno ya Mwenyezi Mungu yanamtia mtoto wazimu?"

"Astaghafirullahi, shangazi. Sikusema maneno. Nimesema wino."

Akaendelea kukoroga sukari. Akaacha kukoroga. Sukari ikaanza kuungua, naye ni mtu ambaye hajapata kuunguza sukari tangu nimjue. Kisha akazima jiko, akavaa buibui lake, akasema, "Twende. Na huko ukifungua mdomo wako nakuuza."

Maalim Zahran alikuwa barazani kwake anashona msahafu ulioachia kurasa. Shangazi akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha kwa robo saa akamuuliza hali ya goti lake, ya mke wake, ya mke wa mwanawe aliyejifungua na ya maji ya bomba. Nilikuwa nimebana ulimi kwa meno. Mwisho akasema, akitazama chini:

"Maalim, hii zafarani ya kuandikia makombe, unainunua wapi?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Zafarani ya kununua, mie? Zafarani ya leo si ya watu kama sisi, mwanangu. Naandikia ile unayoniletea mwenyewe, naizimua kwa marashi mpaka ifanane na zafarani."

"Ninayokuletea mimi?"

Akaingia ndani, akatoka na kopo lenye mfuniko mwekundu.

Hapo ndipo shangazi alipokumbuka. Miaka sita nyuma, Ramadhani, Maalim alimwambia zafarani imekuwa haishikiki. Shangazi siku ya pili akampelekea kopo zima la rangi yake ya ubuyu, hadiya, akisema nayo ni rangi, Mwenyezi Mungu anaijua nia. Na kila Ramadhani tangu hapo, katika sadaka zake, kopo moja lilikwenda kwa Maalim. Tenda wema wende zako. Yeye alitenda akenda zake kweli kweli, hata akasahau, na wema wake ukamfuata mpaka kinywani mwa mjukuu wake.

Nilimtazama shangazi nikasubiri neno. Mtu yule ana neno la kila mtu. Alilishika lile kopo kwa vidole vyake vyekundu, na machozi yakamtoka tu bila ya sauti. Kisha akaeleza yote, ya daktari, ya daftari na ya ulimi.

Naogopa kufikiria mwalimu mwengine angesema nini. Angeweza kuona amevunjiwa heshima. Angeweza kutufukuza. Maalim Zahran alilifunika kopo akaliweka pembeni, akasema, "Maneno hayana rangi, Bi Mayasa. Mlete mtoto, nitamsomea kwenye maji matupu. Na wewe Himid, mbona leo umekuwa bubu?"

"Nimeogopa kuuzwa, Maalim."

"Nani akununue."

Tulirudi nyumbani. Shangazi akamkalisha Shaima juu ya mbuzi ya kukunia nazi, yeye akachutama mbele yake, mwanamke wa miaka sitini mwenye magoti yasiyotaka mchezo, akamwambia, "Nilikwita shetani. Nimekosa. Kilichokusumbua nimekipika mie. Nisamehe, mjukuu wangu."

Shaima akafikiri. "Basi nipe ubuyu," alisema.

Tulianza tena kuhesabu wiki nne kuanzia siku ile. Sitawadanganya kuwa mtoto alikuwa malaika. Bado anapanda, bado anauliza maswali mia kabla ya chai, na paka bado anamkimbia. Lakini siku ya nne alilala mchana. Siku ya saba aliitwa akaitika "labeka" na bibi yake akageuka kuangalia ni mtoto wa nani. Chuoni alikaa mpaka akaimaliza sura nzima. Tukampelekea Daktari Wanu daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, akafika penye jongoo akacheka, kwa sauti, mbele yetu sote.

"Naona inaelekea ni rangi," alisema. "Lakini nakuomba, Bi Mayasa, usende kutangaza mtaani kuwa umepata dawa ya watoto watundu. Wa jirani huenda ana lake."

"Wa jirani namjua lake," alisema shangazi, lakini hakutangaza.

Alichokifanya ni kuacha rangi. Yote. Nilimwambia auze aina mbili, nyekundu kwa wateja, nyeupe kwa Shaima. Alinitazama kama anayetafuta pa kunipiga. "Nimkataze wangu nimlishe wa mwenzangu?" Alijaribu choya, yale maua mekundu ya sharubati, ubuyu ukatoka rangi ya kidonda kinachopona. Mwisho akauacha vile vile ulivyo, na hiliki zaidi. Wateja walipigwa na butwaa. Kijana mmoja akauliza dirishani, "Bi Mayasa, huu ubuyu umekaa eda?"

"Umekaa eda, na wewe huposi hata ukitoka. Nunua au sogea."

Alinunua. Wengine walikwenda kwingine, na wengi wamerudi, kwa sababu ulimi hausemi uongo kama macho.

Na zile wiki nne zilipotimia, alifungua kasha lake la mkangazi akatoa kijikopo cha zafarani ya kweli aliyoletewa kutoka Maskati na kuitunza kwa ajili ya biriani ya harusi ya Shaima, ambaye ndiyo kwanza anang'oa meno. Akampelekea Maalim. Asila akamwambia, "Mama, na harusi?" Akajibu kuwa kwanza mtoto awe mtu, harusi itakula pilau.

Ilibaki siku moja muhula ufungwe. Saa nne asubuhi simu ya Mwalimu Bashira ikalia. "Bi Mayasa, njoo skuli. Kuna mambo ya kung'atana."

Hakuuliza zaidi. Njiani, mara mbili nilimwona akishika ukuta. Tulipoingia ofisini Shaima alikuwa amekaa kwenye benchi, macho mekundu, na pembeni yake mvulana mnene anaitwa Sabri, anatazama viatu vyake.

"Nani kang'atwa?" shangazi aliuliza kwa sauti ndogo.

Mwalimu Bashira akaunyanyua mkono wa Shaima. Alama za meno zilikuwa pale, safu mbili, kama muhuri.

"Na yeye kafanya nini?"

"Kaja kushitaki," alisema mwalimu. "Kasimama mlangoni, kanyanyua mkono, kangojea nimalize kusema."

"Alhamdulillahi," alisema shangazi. Akakaa chini, akafunika uso kwa viganja. "Alhamdulillahi rabbil-alamin."

"Bi Mayasa, mtoto kaumia."

"Nimeona, mwalimu. Mungu akulipe kheri."

Mwalimu Bashira, nashukuru, alikuwa mwepesi wa kufahamu. Akasema kiti cha Shaima kipo, na muhula ujao akikalie mapema. Shangazi akafuta macho kwa ncha ya buibui, kisha akamgeukia Sabri. "Toa ulimi, baba."

Sabri akautoa, kwa hofu. Ulimi wa kawaida kabisa, safi.

Bi Mayasa akautazama kwa makini, akatikisa kichwa. "Huyu hana rangi. Huyu ni yeye mwenyewe." Akatoa mfuko wa ubuyu mweupe mkobani, akampa.

Tulipotoka nje Shaima alimshika bibi yake kile kidole cha shahada ambacho nyekundu yake ilikuwa imebaki kwenye ukingo wa kucha tu.

"Bibi, kesho na mie nimng'ate?"

"La, mwanangu. Kesho mshitaki tena."